Mchanga, gugu maji na gundi: dhana potofu kuhusu picha zenye unamu

Mchoraji anayeanza hapa Mwanza huambiwa mengi kuhusu picha dhahania, yaani zisizoiga umbo la kitu halisi, zenye unamu, yaani uso wenye mikwaruzo na vinundu unaotamani kuupapasa. Mengine humkatisha tamaa kabla hajashika brashi, na hilo linaniuma, maana vifaa vyenyewe vimejaa ufukweni na nyuma ya mashine za kukoboa mpunga.

Dhana: Bila pesti maalumu kutoka nje, huwezi.

Pesti hiyo kwa kawaida ni unga wa mawe uliochanganywa na gundi ya akriliki. Kinachoshika ni gundi. Unga unajaza tu. Gundi nyeupe ya seremala na mchanga mkavu uliochekechwa vinatosha kabisa kwa kuanzia. Wapo pia wanaosema huu ni mtindo wa Kizungu. Ni kweli wachoraji Georges Braque na Pablo Picasso walikuwa wakitia mchanga kwenye rangi kule Ufaransa mwaka 1912, lakini hapo jirani tu, mashariki mwa Rwanda, sanaa ya imigongo hujengwa kwa samadi ya ng'ombe iliyochanganywa na majivu, ikaachwa ikauke ndipo ipakwe rangi. Na ni ya siku nyingi.

Dhana: Mchanga ni mchanga, chota popote.

Picha nyingi huharibikia hapa. Mchanga wa ziwa hauna chumvi kama wa Pwani, afadhali hilo, ila una tope laini lililoganda kwenye kila punje. Gundi ikikamata tope badala ya punje, picha ikishakauka unapitisha kidole tu na mchanga unapukutika. Kwa hiyo utie kwenye ndoo, mimina maji, koroga kwa mkono, ngoja punje zitulie, kisha mwaga maji machafu. Rudia mpaka maji yatoke safi. Uanike juani, halafu uchekeche mara mbili: kwa wavu wa dirishani kupata punje kubwa, kwa chekecheke la unga kupata laini. Ukiwa na saizi hizo mbili tayari una lugha mbili za kuchorea.

Mchanga wa pale wanapoanika dagaa uache. Una mafuta ya samaki, na gundi ya maji haishiki penye mafuta. Tena usiingie majini kuufuata, wala kuokota konokono: kichocho kipo ziwani, na konokono wa majini ndio wanaobeba vimelea vyake. Chota ulio mkavu, mbali na maji.

Udongo nao si mmoja. Ule mweusi wa mbuga, wa mashamba ya pamba, hutanuka ukilowa na kusinyaa ukikauka, hivyo picha itajaa nyufa. Kama nyufa ndizo unazozitaka, utumie. Kama huzitaki, chukua udongo mwekundu, umetulia zaidi.

Dhana: Vitu vya asili vitaoza ukutani.

Kinacholeta kuoza ni unyevu. Gugu maji, lililoanza kuonekana ziwani mwishoni mwa miaka ya 1980, zaidi ya asilimia 90 ya uzito wake ni maji. Ukilibandika bichi litaota ukungu, kisha linywee na kubanduka. Wasuka vikapu wanalijua hilo, ndiyo maana hulikausha kwanza. Lipasue bua kwa urefu, lianike mpaka liwe la kahawia na jepesi mkononi. Ndani utaona vijumba vidogo vidogo vya hewa. Pitisha rangi nyepesi kwa brashi kavu, kingo za vijumba vile zinajitokeza moja moja. Sijaona kisu cha kuchorea kinachoweza kutoa alama kama zile.

Pumba za mpunga ni rahisi zaidi. Zina silika nyingi, madini magumu kama ya mchanga, haziozi upesi, na picha haiwi nzito. Binafsi nazipenda kuliko mchanga. Magamba ya sangara yaoshe kwa sabuni mpaka harufu iishe, kisha yakaushe yakiwa yamebanwa kati ya mbao mbili, la sivyo yatajikunja.

Dhana: Tabaka likiwa nene ndiyo imara.

La. Juu hukauka mapema, ndani kungali kubichi, na matokeo yake ni kupasuka. Weka tabaka jembamba, likauke, ongeza lingine. Kwa kazi nzito tumia plaiwudi, maana kitambaa cha kuchorea hucheza.

Dhana: Dhahania ni kumwaga tu ovyo.

Unamu unaonekana kwa sababu ya kivuli. Kabla hujatia gundi, tandaza vitu vyako juu ya ubao, usogeze karibu na dirisha asubuhi, mwanga ukiingia kwa ubavu, na uugeuze taratibu. Utaona mahali vivuli vinapogombana na mahali panapohitaji kuachwa laini. Chora alama kwa penseli hapohapo, kisha ndipo ufungue gundi.