Osteoblasti: seli inayojenga mfupa hutoka wapi?

Osteoblasti ni seli inayotengeneza mfupa. Isichanganywe na osteoklasti, inayoula mfupa: majina yanafanana, ila koo zao ni mbali. Osteoklasti ni ndugu wa seli za damu. Osteoblasti hutokana na seli shina za mesenkaima (tishu unganishi changa), zinazokaa kwenye uboho na kwenye utando uliozunguka mfupa kwa nje.

Seli shina hizo hazijafungwa kwa mfupa. Zinaweza pia kuwa gegedu au mafuta, kutegemea zinapata ishara gani. Mfupa uliovunjika ukiwa unachezacheza na damu haifiki vizuri, nyingi hugeuka gegedu kwanza. Ukitulizwa barabara, mfupa huweza kujengwa moja kwa moja. Na kadiri mtu anavyozeeka, ndivyo nyingi zaidi zinavyoelekea kwenye mafuta.

Ndani ya kiinitete chanzo si kimoja. Mifupa ya uso hutoka kwenye ukingo wa neva (seli za kando ya mfumo wa neva unaoanza kujengeka), uti wa mgongo na mbavu kwenye somaiti (vipande vya tishu vilivyojipanga kando ya mgongo wa kiinitete), mikono na miguu kwenye mesodemu ya pembeni (sehemu ya tabaka la kati la kiinitete). Njia tatu, lakini zinaishia kwenye seli ya aina ileile.

Swichi kuu ya safari hiyo ni jeni iitwayo RUNX2. Mwaka 1997 ilionekana kwamba panya waliokosa nakala zake zote mbili walikuwa na kiunzi cha gegedu tupu, bila mfupa, wakafa mara tu baada ya kuzaliwa kwa kushindwa kupumua. Binadamu mwenye nakala moja mbovu huishi, ila mitulinga yake huwa mifupi au haipo kabisa (wengine huweza kuyakutanisha mabega mbele ya kifua), utosi huchelewa kufunga, na meno ya ziada hukwama kwenye ufizi. Baada ya RUNX2 huja jeni nyingine, Osteriksi; ikikosekana, safari hukatika njiani.

Osteoblasti iliyokomaa haigawanyiki tena. Kazi yake ni kumwaga osteoidi, dutu laini ambayo takriban asilimia 90 ya protini yake ni kolajeni ya aina ya kwanza. Bila vitamini C kolajeni hiyo haishikani sawasawa, na hapo ndipo kiseyeye huingia. Osteoidi hukaa siku kama 10 kabla ya kuanza kupokea kalsiamu na fosfeti. Kimeng'enya cha seli hiyo, fosfatasi ya alkali (ALP), huvunja pirofosfeti inayozuia madini yasigande. Kwa hiyo kipimo cha ALP katika damu ya mtoto anayekua kuwa juu kuliko cha mtu mzima si ugonjwa. Kikipanda kupita kiasi cha umri wake na miguu ikaanza kupinda, hapo fikiria matege: osteoidi ipo tele, madini hayatoshi, mara nyingi kwa upungufu wa vitamini D.

Kazi ikiisha, osteoblasti nyingi hufa. Baadhi hujilaza bapa juu ya mfupa zikaufunika. Nyingine huzikwa ndani ya kile zilichojenga zenyewe na kuwa osteositi, ambazo ni zaidi ya asilimia 90 ya seli zote za mfupa wa mtu mzima. Kuzikwa huko si mwisho wa kazi: osteositi hutoa sklerostini, protini inayowazuia wajenzi wa juu wasiendelee. Mfupa ukibebeshwa uzito, sklerostini hupungua na ujenzi huanza tena. Dawa ya romosozumabu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2019 kwa wanawake waliokoma hedhi wenye mifupa dhaifu iliyo hatarini kuvunjika, hufanya kazi kwa kuifunga protini hiyohiyo.