Sprinkla za hoteli: anza na maji, alafu ndo uchore mabomba

Wenye hoteli wengi wakituletea michoro swali lao la kwanza ni moja tu, sprinkla (vile vichwa vya darini au ukutani vinavyomwaga maji moto ukitokea) zinatakiwa ngapi. Hilo ni swali la mwisho jamani. Anza na maji yatatoka wapi, yatadumu dakika ngapi na yatasukumwa na nini umeme ukikatika, maana tunakagua majengo yana vichwa vya sprinkla vinang'aa korido nzima, ukifungua valvu ya majaribio kule mwisho wa laini inatoka hewa kwanza, alafu maji ya kuchuruzika, basi. Hoteli hiyo mwenyewe anaamini ana sprinkla.

Tuelewane kwanza kitu chenyewe kinafanyaje kazi, kwa sababu bado kuna watu wanakataa kuweka wakiogopa mgeni akivuta sigara chumbani maji yatamwagika hoteli nzima. Haiko hivyo. Sprinkla haijali moshi, inasubiri joto. Kile kichupa kidogo cha kioo kina kimiminika ndani, chekundu kinapasuka joto likifika nyuzi 68, cha njano 79, cha kijani 93, na kinapasuka kile tu kilichofikiwa na joto, vingine vyote vinabaki vimefunga. Moto wa chumba mara nyingi unabanwa na kichwa kimoja au viwili. Kwa vyumba vya kulala weka vya haraka, vyenye kichupa chembamba cha milimita 3, achana na vya milimita 5, kwa sababu pale tunagombania dakika za mtu aliyelala fofofo kwenye jengo asilolijua, kafika usiku na ngazi za dharura hajawahi kuziona.

Sasa kuna hii tabia ya kuweka nusu nusu, korido na mapokezi zinapata, kwingine "tutaongeza baadae". Someni moto wa hoteli ya MGM Grand, Las Vegas, Novemba 21, 1980. Watu 85 walikufa. Jengo lilikuwa na sprinkla sehemu fulani, ila mgahawa moto ulipoanzia haukuwa nazo, hoja ikiwa kwamba mgahawa utakuwa wazi saa 24 kwa hiyo mtu atauona moto mapema. Baadae ule mgahawa ukawa unafungwa usiku, moto ukaanza asubuhi kama saa moja hakuna mtu ndani, ukalipuka mpaka kwenye kasino ambayo nayo haikuwa na sprinkla, na wengi waliokufa walikuwa ghorofa za juu kabisa ambako moto haukufika. Moshi uliwafuata kwenye ngazi na mashimo ya lifti. Kwa hiyo mtu akiniambia jikoni kwake kuna watu muda wote hahitaji kitu, mimi nakumbuka hiyo hoja ilishawahi kutolewa na ikakubaliwa.

Haya, tupige hesabu. Huku kwetu utakutana na viwango viwili vya kupangia sprinkla, NFPA 13 ya Marekani na EN 12845 ya Ulaya, chagua kimoja ukifuate mpaka mwisho, kuchanganya ndo kunazaa madudu. Chumba cha hoteli NFPA wanakihesabu hatari ndogo, maji milimita 4.1 kwa dakika, yani lita 4.1 kwa kila mita ya mraba kila dakika. Chumba cha mita 4 kwa 4.5 ni mita za mraba 18, kinataka lita 74 hivi kwa dakika, na kichwa cha kawaida cha K80 (hiyo K ni kipimo cha maji kiasi gani kichwa kinapitisha) kitatoa hizo lita kikipata presha ya karibu bar 0.85. Ulaya wao ni wakali zaidi, hoteli wanaipa milimita 5 na kichwa kimoja hakiruhusiwi kuzidi mita za mraba 12, kwa hiyo chumba hicho hicho kitataka vichwa viwili.

Alafu usihesabu chumba kimoja ukalala. Unachukua eneo gumu kuliko yote, kwa kawaida ghorofa ya juu mwisho kabisa wa korido, kwa NFPA ni mita za mraba 139, mara 4.1 unapata lita 570 kwa dakika, unaongeza 380 za mipira ya zimamoto, jumla 950, mara dakika 30 ni lita 28,500. Hizo ni za kuzimia moto peke yake. Na kupandisha maji ghorofa nane zenye mita 3 kila moja kunakula bar 2.4 kabla hujagusa msuguano wa kona na mabomba, jumlisha na ile 0.85 ya kichwani, uone kama presha ya bomba la mtaani inakufikisha. Haikufikishi, na siku za mgao hata tone halipo.

Kwa hiyo tanki lako mwenyewe, na pampu ya zimamoto iliyo mbali na ile ya kupeleka maji vyumbani. Kama tanki ni moja la matumizi yote, bomba la mabafu litoke juu ya usawa wa zile lita za kuzimia moto, hapo hata wageni wakioga mpaka maji ya mabafu yakate, ya kuzimia moto yanabaki chini hayaguswi na mtu. Waya wa pampu uchukuliwe kabla ya swichi kuu ya jengo, maana kitu cha kwanza anachofanya mlinzi akiona moto ni kuzima umeme wote, na pampu yako inazimika nayo. Ukiweza weka ya pili ya dizeli.

Chumbani napenda sprinkla ya ukutani, inakaa juu ya mlango sentimita 10 mpaka 15 chini ya dari, bomba linabaki koridoni na huhitaji kutoboa jipsam ya kila chumba. Ila mchoraji aongee na mtu wa fanicha! Hoteli za pwani kitanda kina nguzo nne na chandarua kimeshuka pande zote, kabati refu pembeni, feni katikati, na maji ya sprinkla ya ukutani yanatupwa kwa ubapa, yakikutana na hicho chandarua kwanza, upande wa pili wa kitanda unabaki mkavu. Nataka kuona kitanda kwenye mchoro wa sprinkla. Na karibu na kichwa cha sprinkla weka sehemu nzuri ya kutundikia nguo, kwa sababu mgeni asipoiona atatundika henga kwenye sprinkla, kichupa kikivunjika chumba kinajaa maji na lawama zote zinaangukia mfumo.

Jikoni sprinkla zinakuwepo, lakini kikaango cha mafuta kinataka mfumo wake wa dawa kwenye hudi (lile bati la kuvuta moshi juu ya jiko), maji kwenye mafuta yanayowaka yanarusha moto. Laundri na stoo ya mashuka zipigiwe hesabu ya hatari ya kati, sio ya chumba.

Mabanda ya makuti ni habari nyingine kabisa, na hapa nawasihi wa Zanzibar, Bagamoyo, Diani. Moto wa makuti unakimbia juu ya paa kwa nje, sprinkla ya ndani haiufikii, na kusi ikivuma cheche zinaruka banda hadi banda. Pale unataka mabomba ya kulowesha paa lenyewe kutokea juu, nafasi ya kutosha kati ya mabanda, na bomba linalovumilia chumvi.

Siku ya kukabidhiwa usisaini kwa kuangalia dari. Mabomba yajazwe maji kwa presha ya bar 13.8 kwa saa mbili, presha isishuke. Fungueni valvu ya majaribio ya kila ghorofa, kengele ilie. Kateni umeme wa jengo pampu ikiwa inafanya kazi muone. Kichwa kilichopakwa rangi na fundi kisisuguliwe, kitolewe kiwekwe kipya. Na chumba cha pampu kiwe na sanduku la vichwa vya akiba, visipungue 6 kama hoteli ina vichwa chini ya 300, pamoja na spana yake.