Mpira Umepasuka, Refa Kaiba? Dhana na Ukweli Kuhusu Mpira wa Akiba

Kwenye ndondo za Ujiji na Mwanga, refa anaweza kuchezesha dakika 80 akisifiwa, kisha mpira ukapasuka na papo hapo akaitwa mwizi. Wiki hii mpira umepasuka, mwamuzi kaudondosha. Wiki ijayo umepasuka tena, mwamuzi mwingine kaamuru kona irudiwe. Kijiweni hukumu ni moja: marefa wa Kigoma kila mtu na sheria zake. Wapo wanaoboronga, sibishi. Lakini kwenye hili mara nyingi wote wawili huwa sahihi. Walichosahau watu ni kuangalia kama mpira ulikuwa hai (mchezo unaendelea) au umekufa (mchezo umesimama) pale ulipopasuka.

Dhana: Mpira ukipasuka, refa anaamua anavyojisikia

Sheria ya 2 ya soka, inayohusu mpira, haimwachii nafasi hiyo. Mpira ukiharibika wakati mchezo unaendelea, filimbi inapulizwa, unaletwa mwingine na mchezo unaanza kwa mpira wa kudondosha, yaani refa anauachia uanguke chini. Ukiharibika wakati wa kuanzisha kati, kona, goli kiki, adhabu ndogo, penalti au mpira wa kurusha, tendo hilo linarudiwa. Ndiyo maana kona ya wiki ile ilirudiwa na ule wa katikati ya uwanja ukadondoshwa.

Penalti ndiyo inayowachanganya watu zaidi. Mpigaji kapiga, mpira umepasuka ukielekea golini kabla haujamgusa kipa, nguzo wala mtambaa panya: penalti inapigwa upya, hata kama lile gamba lilijikokota hadi wavuni. Ukigonga mtambaa panya kwanza ndipo ukapasuka, hakuna kurudia, unadondoshwa. Na shuti la kawaida likipasuka njiani halafu likaingia, hilo si goli, kwa sababu mchezo ulisimama mpira ulipoharibika. Ukishavuka mstari mzima ndipo ukapasuka, goli ni halali. Ni tofauti ya sentimita chache, na mshika kibendera anatakiwa aione kwenye vumbi la saa kumi na moja jioni. Hapo nawaonea huruma.

Kupasuka kwenyewe si ushahidi kwamba wenyeji walileta mpira wa magumashi. Kwenye fainali ya Kombe la FA la Uingereza mpira ulipasuka mwaka 1946, na fainali ya 1947 ukapasuka mwingine. Euro 2016, Uswisi na Ufaransa wakicheza Lille, mpira mpya kabisa ulipasuka wachezaji wawili walipougombea.

Dhana: Umepasukia miguuni mwa straika wetu, basi turudishiwe sisi

Hii ndiyo inayoingiza watu uwanjani. Straika yuko ndani ya boksi, kamzunguka beki, mpira unafanya *puu*. Refa anachukua wa akiba na kumdondoshea kipa wa timu pinzani! Benchi zima linasimama.

Refa hajakosea. Tangu mwaka 2019 mpira wa kudondosha haugombewi tena. Ule mtindo wa zamani wa wachezaji wawili kusimama uso kwa uso wakisubiri mpira uguse chini umefutwa, ingawa mchangani bado kuna waamuzi wanaoufanya, na huko ndiko kukosekana kwa msimamo kunakostahili kulalamikiwa. Siku hizi mchezo ukisimama mpira ukiwa ndani ya eneo la penalti, anadondoshewa kipa wa timu inayolinda, haijalishi nani alikuwa nao. Nje ya eneo hilo, mabadiliko ya msimu wa 2025/26 yanasema wapewe waliokuwa nao au ambao ni wazi wangeupata. Refa asipokuwa na uhakika, wanapewa waliougusa mwisho. Wengine wote, wa timu zote mbili, wakae umbali wa mita 4 hadi mpira uguse ardhi.

Unaweza kusema ni uonevu kwa straika, na mimi naona hoja ipo. Ila anayestahili lawama ni aliyeandika sheria, si yule bwana mwenye filimbi.

Dhana: Mpira wa pili ukiingia uwanjani, mchezo lazima usimame

Hapana. Sheria ya 5, inayohusu mwamuzi, inataka refa asimamishe pale tu mpira huo wa ziada unapoingilia mchezo. Ukiwa umelala karibu na kibendera cha kona na shambulio liko upande wa pili, mchezo unaendelea. Ukibingiria hadi miguuni mwa beki anayejiandaa kuokoa, filimbi, kisha kudondosha. Sheria ni hiyo hiyo kwa mbuzi aliyekata kamba. Hapa ndipo macho ya mtu na mtu yanapotofautiana kwa haki kabisa, maana kuingilia mchezo ni jambo la kupima.

Waamuzi wa ligi kubwa nao huteleza. Oktoba 2009, Sunderland ikicheza na Liverpool, shuti la Darren Bent liligonga puto kubwa la kuchezea ufukweni lililotupwa kutoka jukwaani. Kipa Pepe Reina akabaki katikati ya mipira miwili, mmoja ukapita kulia kwake, mwingine kushoto, na ule wa kweli ukaingia. Goli likakubaliwa, Sunderland ikashinda 1-0. Lilipaswa kukataliwa na mpira udondoshwe. Mwamuzi yule alipangiwa mechi ya daraja la chini wiki iliyofuata.

Dhana: Mwenye mpira ndiye anayechagua

Anayeukubali au kuukataa mpira ni refa, na mpira haubadilishwi wakati wa mechi bila ruhusa yake. Nani alete ni suala la kanuni za mashindano. Timu zikishindwa kuelewana, kuna mfano wa Montevideo mwaka 1930, fainali ya kwanza ya Kombe la Dunia: kipindi cha kwanza ulitumika mpira wa Argentina, nao wakaongoza 2-1. Kipindi cha pili ukaingia wa Uruguay, mechi ikaisha 4-2 kwa Uruguay. Mashabiki wa Buenos Aires walikuwa na la kusimulia.

Dhana: Waokota mipira ni watoto wa nyumbani, wanafanya tutakavyo

Mipira ya akiba inayopangwa kuzunguka uwanja, iwe Lake Tanganyika au Katubuka, iko chini ya mamlaka ya refa. Mtoto anayeuficha mpira timu yake ikiongoza hawezi kupewa kadi, maana kadi ni za wachezaji na benchi, lakini anaweza kuondolewa pale. Kocha au meneja anayeukumbatia mpira kuwachelewesha wapinzani anastahili nyekundu ya moja kwa moja, si ya njano. Waamuzi wengi wa mchangani humwonya tu, kwa heshima ya utu uzima, na sheria haina kipengele cha utu uzima.

Dhana: Mpira wa akiba ni tofauti, kwa hiyo refa katuhujumu

Nahodha anaubonyeza na kulalamika kwamba huu mgumu, ule wa kwanza ulikuwa laini. Inawezekana kabisa, na bado yote miwili ikawa halali. Upepo unaoruhusiwa ni kati ya 0.6 na 1.1 atmosfia, pengo kubwa sana mguuni. Mzunguko ni sentimita 68 hadi 70. Uzito ni gramu 410 hadi 450, lakini kipimo hicho ni cha mwanzo wa mechi, kwa hiyo mpira uliolowa mvua ya Machi ukawa mzito haujavunja sheria kwa uzito huo peke yake. Anayetaka ukaguliwe asubiri utoke nje, nahodha amwombe refa, na refa auangalie. Viwanja vyetu vingi vina pampu ila havina kipimo cha upepo, kwa hiyo hapo kinachotumika ni kidole gumba cha refa, na uamuzi huo wa refa sheria inautambua.