Namba moja ya simu, wateja watatu: ninayoyasikia kuhusu programu za tegi na data za wateja

Mwenye duka la pembejeo hapa Ngamiani, Tanga, kwenye mojawapo ya zile barabara zetu zinazoitwa kwa namba, aliniuliza swali ninaloulizwa karibu kila mwezi. Mwanawe amesoma habari za majukwaa ya data za wateja, yaani programu zinazokusanya taarifa za mteja mmoja kutoka sehemu mbalimbali na kuziweka pamoja. Ameona watu wakiyasifu na wengine wakiyalaani, sasa anataka kujua nani mkweli. Nikamjibu, "Mzee wangu, wote wanasema kweli." Hakuridhika, na alikuwa na haki. Kwa hiyo naandika hapa jibu refu ambalo sikuweza kulimaliza dukani kwake huku wateja wa mbolea wakisubiri.

Kazi yangu ni kupima tovuti: nani kaingia, kafanya nini, na je, kaishia kununua. Ninaowahudumia ni hoteli za Raskazone, nyumba za wageni za Pangani, watembeza watalii wanaopeleka watu Amboni na Lushoto, na maduka kama la huyu mzee.

Nianze na tegi, maana taarifa za tovuti huanzia hapo. Tegi ni kipande kidogo cha msimbo kinachokaa kwenye ukurasa wa tovuti na kutoa taarifa: mgeni amefungua ukurasa, amebonyeza kitufe cha WhatsApp, amejaza fomu ya kuulizia chumba. Zamani kila tegi ilibidi fundi wa tovuti aiingize kwa mkono wake. Programu za kusimamia tegi zikaja kuondoa adha hiyo. Fundi anaweka kipande kimoja tu, kinachoitwa kontena, na tangu hapo mtu wa masoko anaongeza, anabadilisha na kuondoa tegi mwenyewe bila kumsumbua fundi. Tealium ya Marekani ilianzishwa mwaka 2008 kwa kazi hii. Oktoba 2012 Google ikaleta Google Tag Manager bila malipo, na hiyo ndiyo ninayoikuta karibu kila ninapokwenda.

Sasa ukitaka maoni ya watumiaji, ingia ofisi moja uwaulize watu wawili. Mtu wa masoko atakwambia programu hii imemkomboa: tangazo limeanza asubuhi, mchana tayari anapima matokeo. Fundi wa tovuti atakunja uso. Yeye ndiye anayepigiwa simu tovuti ikiwa nzito, na akifungua kontena anakuta tegi kumi na kitu, nyingine za matangazo yaliyokwisha zamani, na hakuna anayekumbuka ziliwekwa na nani. Kila moja inavuta faili lake kwenye simu ya mteja, na mteja wetu mara nyingi yuko kwenye simu ya bei nafuu na bando la kubana. Nimekaa na pande zote mbili, na sijawahi kuona aliyekuwa anazua. Kilichompa mmoja uhuru ndicho kilichomwachia mwenzake mzigo.

Kampuni moja ya utalii iliniita kwa furaha: maombi ya safari yameongezeka maradufu ndani ya mwezi mmoja. Kwenye ripoti ilionekana hivyo kweli. Lakini mama anayepokea maombi hayo, yule anayejibu barua pepe na WhatsApp kila siku, alisema hajaona kazi yoyote kuongezeka. Mtu kama huyo nimejifunza kumsikiliza kabla ya kufungua kompyuta. Tulipochungulia tukakuta tegi ileile imewekwa mara mbili, moja ndani ya msimbo wa tovuti tangu zamani na nyingine ndani ya kontena. Kila ombi moja lilikuwa linahesabiwa mawili. Na walikuwa wameshaongeza pesa za matangazo kwa kutegemea hesabu hiyo.

Jambo la aina hiyo likitokea, lawama huangukia programu. Mimi naona Google Tag Manager inatoa kinga za kutosha, ila hazitumiki. Ina hali ya majaribio, unaona tegi ipi imewaka kabla ya kuichapisha kwa umma. Ina kumbukumbu ya matoleo, inayoonyesha nani alichapisha nini na siku gani, na unaweza kurudi kwenye toleo la jana ukiharibu la leo. Hicho ndicho kitu ninachokipenda kuliko vyote humo. Lakini nikifungua kontena za watu, matoleo hayana majina wala maelezo. Kwa hiyo sharti langu la kwanza kwa kila mteja ni kwamba jina la tegi libebe kazi yake, tarehe na jina la aliyeomba iwekwe. Tarehe 1 Julai 2023 Universal Analytics, programu ya Google ya kupima tovuti, ilipoacha kupokea data na watu kuhamia mrithi wake GA4, waliokuwa na majina hayo walihama bila shida kubwa. Wengine mpaka leo wana tegi za zamani zinazotuma taarifa kusikokuwa na wa kuzipokea.

Malalamiko mengine ambayo mtu hawezi kuyamaliza kwa nidhamu ni ya vivinjari. Safari, kivinjari cha iPhone, hufuta baada ya siku 7 vidakuzi vingi vinavyowekwa na tegi za namna hii, yaani zile alama ndogo zinazobaki kwenye simu ili tovuti imtambue mgeni akirudi. Mjerumani anayepanga likizo ya Pangani anasoma leo, anajadiliana na mkewe, anarudi baada ya wiki tatu kuweka nafasi. Kwenye ripoti huyo ni mgeni mpya kabisa na tangazo lililomleta mara ya kwanza halipati sifa yoyote. Wenye hoteli wakiniambia ripoti haifanani na wageni wanaowapokea mapokezi, huwa natazama hapo mapema.

Tuje kwenye kile alichosoma kijana wa mzee. Jukwaa la data za wateja linachukua taarifa kutoka tovuti, dukani, kwenye ujumbe na kwenye malipo, kisha linajaribu kuziunganisha ili mtu mmoja awe na kumbukumbu moja, halafu linazisambaza kwenye programu nyingine kama za barua pepe na matangazo. Jina la aina hii ya programu lilitolewa na mshauri wa teknolojia ya masoko David Raab mwaka 2013, ingawa kampuni zenyewe nyingine zilikuwepo tayari. Segment, mojawapo ya majukwaa hayo, ilianza 2011, na mwaka 2020 Twilio, kampuni ya Marekani ya huduma za mawasiliano, iliinunua kwa dola bilioni 3.2.

Wanaoyasifu wana hoja nzito. Ukishapanga data zako vizuri mara moja, kuongeza programu mpya ya kutuma ujumbe ni kazi ya dakika, wakati bila jukwaa unamlipa fundi aijenge upya. Wanaolalamika huanzia kwenye bei. Segment, kwa mfano, hutoza kwa idadi ya watumiaji wanaofuatiliwa kwa mwezi, pamoja na wale wasiojulikana majina waliopita tovutini mara moja wakaenda zao. Tangazo lako likivuma, bili nayo inapanda hata kama hukuuza. Wapo wanaokimbilia RudderStack, jukwaa lenye toleo la kusimika kwenye seva yako. Hapo unaokoa ada, ila unahitaji mtu wa kuiangalia seva, na mtu huyo naye ana mshahara.

Kwetu, hata hivyo, bei siyo shida ya kwanza. Sehemu kubwa ya majukwaa haya yamezoea watu wenye barua pepe: mtu anaingia kwa barua pepe, ananunua kwa barua pepe, kwa hiyo barua pepe ndiyo uzi unaoshona vipande vyake. Mteja wa pembejeo wa Muheza hana habari na barua pepe. Kitambulisho chake ni namba ya simu, na namba ya simu ni uzi unaokatikakatika.

Chukua namba moja inayoanza na 0754. Kwenye fomu ya tovuti imeandikwa hivyo. WhatsApp inaitoa kama +255754. Keshia aliiandika kwenye Excel, na Excel ikadhani ni tarakimu ya kawaida ikala sifuri ya mbele, ikabaki 754. Mara nyingine namba iliyoandikwa kwa 255 huonyeshwa na Excel kama 2.55754E+11, na faili likihifadhiwa kama CSV, yaani jedwali la maandishi matupu, katika hali hiyo tarakimu za mwisho zimepotea, hazirudi. Ukiliachia jukwaa kazi ya kuunganisha bila kusafisha namba kwanza, mteja huyo mmoja anakuwa watatu na unalipia watatu.

Hiyo bado ni sehemu rahisi, maana kuzifanya namba zote zianze na 255 ni kazi ya jioni moja. Kugumu ni kwenye watu. Mtu mmoja ana laini mbili za mitandao tofauti, anapiga kwa hii na kulipa kwa ile. Mama anaagiza mbegu kwa simu ya mumewe. Kijana mmoja kijijini anawaagizia majirani sita, na kwenye data anaonekana mkulima tajiri mwenye shamba la mahindi, la migomba na la mkonge kwa pamoja. Laini ikikaa muda mrefu bila kutumika kampuni ya simu huigawa kwa mtu mwingine, na jukwaa litamrithisha mgeni huyo historia yote ya mwenye namba wa zamani. Hakuna mpangilio wa programu utakaolimaliza hili peke yake. Anayelijua ni muuzaji anayewatambua kwa sauti.

Kuna na sheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika 1 Mei 2023. Inamtaka anayekusanya au kuchakata taarifa za watu ajisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na ina masharti ya kuzipeleka taarifa hizo nje ya nchi, ambako ndiko seva za majukwaa mengi ziliko. Hoteli inayowalenga wageni wa Ulaya iangalie na sheria ya kule, iliyoanza Mei 2018. Ukiona masharti haya yanakulemea, Matomo, programu ya kupima tovuti iliyokuwa ikiitwa Piwik hadi 2018, inaweza kukaa kwenye seva yako mwenyewe na ina kisimamizi chake cha tegi. Kwa wenye biashara ndogo wanaojali taarifa zao ziko wapi, ndiyo ninayoipendekeza.

Kwa mzee wa pembejeo sikupendekeza kununua chochote. Tulichukua daftari lake, orodha ya WhatsApp na faili la keshia, mimi na mwanawe tukazifanya namba zote zianze na 255, tukazipanga. Orodha ikapungua kiasi cha kumshtua. Kisha mzee akavaa miwani, akapitia jina moja moja: huyu na huyu ni mtu na mkewe, huyu ni wakala, huyu alihamia Handeni. Alikumbuka karibu wote. Akatuomba tuongeze safu moja kwenye jedwali, ya nani hasa anayeshika simu hiyo. Mwanawe akaiita "mshika simu", na keshia ameanza kuijaza.