“Ugonjwa umepanda, tuongezee dawa”

Wiki hii ni mara ya tatu. Binti kakaa mbele yangu, macho mekundu kwa kukesha: “Daktari, mama halali. Anazunguka nyumba nzima, anavuta komeo la mlango. Ugonjwa umepanda, tuongezee dawa.” Nikafungua faili: siku 10 zilizopita donepezili, dawa yake ya Alzheimer, ilitoka miligramu 5 kwenda 10, na kidonge humezwa wakati wa kulala.

Alzheimer, ugonjwa wa ubongo unaofuta kumbukumbu, haina kawaida ya kuvamia hivyo. Huteremka polepole, kwa miezi. Mtu aliyekuwa ametulia Jumapili akianza kuhangaika na milango Alhamisi, tafuta kilichobadilika karibuni. Donepezili huongeza asetilikolini, kemikali ya kupitisha ujumbe, ubongoni. Hiyo ndiyo kazi yake, na ndiyo hiyo hiyo inayowaletea baadhi ya wagonjwa ndoto kali, kukosa usingizi na mchecheto. Mara nyingi kuhamishia kidonge asubuhi kunatosha. Kusipotosha, tunarudi kwenye 5. Ila usitarajie nafuu kesho yake, maana nusu tu ya dawa huhitaji saa 70 hivi kutoka mwilini.

Wala sisemi kila kosa ni la kidonge. Choo kilichogoma siku nne, mkojo unaochoma, jino bovu: asiyeweza kuyasema maumivu atayatembeza. Ndiyo maana nang’ang’ania watu wabandike karatasi jikoni: dawa, saa, choo, usingizi. Karatasi hiyo hunifaa kuliko picha ya ubongo.

“Basi mpe ya kumtuliza.” Haloperidoli, dawa ya magonjwa ya akili inayotumiwa kutuliza, yenyewe yaweza kumfanya mtu ashindwe kukaa: anaketi, anainuka, anakanyagakanyaga papo hapo. Familia inaona hayo, inaomba iongezwe! Mwaka 2005 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilionya kwamba dawa mpya za kundi hili huongeza vifo kwa wazee wenye demensia, yaani kupotewa na kumbukumbu na uwezo wa kufikiri, kama kwenye Alzheimer. 2008 onyo likazifikia za zamani, haloperidoli ikiwemo. Tunazitumia pakiwa na hatari ya kweli, dozi ndogo, muda mfupi.

“Hii ni ya mafua tu.” Nyingi zina klorofenamini, inayoziba pale pale asetilikolini inapofanyia kazi. Unajaza ndoo uliyoitoboa mwenyewe.

“Plasta ya dawa haina madhara, iko nje ya mwili.” Dawa yake huingia damuni kutwa kucha. Niliwahi kumbandua bibi mmoja plasta tatu za rivastigmini, dawa nyingine ya Alzheimer, mgongoni. Kila siku alibandikwa mpya, ya jana haikutolewa.