Kesi ya Ngedere, Hakimu Nyani: Kwa Nini Polisi Wanahitaji Jicho la Raia

Mtu aliyepigwa na askari huambiwa akalalamike wapi? Kituoni. Akifika huko anamkuta mezani mwenzake yule aliyempiga, pengine walikula kiapo siku moja na kulala bweni moja chuoni. Anaulizwa jina, anaulizwa anakoishi, anaulizwa alikuwa anatafuta nini mahali pale usiku ule. Kabla hajamaliza kueleza kilichomleta, ameshaanza kujitetea. Wengi hugeuka wakaondoka bila neno lao hata moja kuandikwa. Mwisho wa mwaka kituo kinaonekana kina malalamiko machache, na mkuu wake anasifiwa kwa uhusiano mzuri na wananchi.

Usimamizi wa kiraia ulianzishwa ili kuuvunja mzunguko huo. Kwa maneno mepesi, ni watu wasio askari waliopewa na sheria uwezo wa kuangalia, kuchunguza na kutolea uamuzi au ushauri mwenendo wa polisi. Kazi yao si kupanga doria wala kumwelekeza mpelelezi amkamate nani. Wao wanahakikisha kwamba aliyekabidhiwa bunduki na pingu anaulizwa maswali na mtu asiyemwogopa na asiyemdai fadhila.

Nitasema mapema ninachoamini baada ya miaka mingi ya kusoma majalada ya malalamiko. Mikutano ya polisi na jamii, mechi za mpira, siku za kutembelea vituo, vyote ni vizuri, na mimi mwenyewe huhudhuria. Lakini haviwezi kuchukua nafasi ya uwajibikaji. Mama ambaye mwanawe alifia mahabusu hatatulizwa na kiti cha mbele mkutanoni. Anataka kujua nani alikuwa zamu usiku ule, na kitabu cha matukio kinasema nini.

Historia ya New York inaonyesha jinsi jambo hili lilivyo gumu. Mwaka 1953 jiji hilo lilikuwa na bodi ya kupitia malalamiko ya raia, ila wajumbe wake wote walikuwa maofisa wa ngazi ya juu wa jeshi lenyewe la polisi. Jina lilikuwa la kiraia, kazi ilikuwa ya kiaskari. Mwaka 1966 Meya John Lindsay aliongeza raia wanne kwenye bodi yenye watu saba. Chama cha askari kilikusanya saini, suala likapelekwa kwenye kura ya maoni Novemba mwaka huohuo, na wapiga kura wakawaondoa wale raia kwa wingi mkubwa. Hoja iliyowashinda raia ilikuwa hofu: kwamba askari anayejua atahojiwa atasita kutoa silaha, na mhalifu atapona. Hoja hiyo ingali inasikika kila mahali bodi ya namna hii inapopendekezwa. Septemba 1992, jiji lilipoijadili tena bodi huru, maelfu ya askari waliandamana hadi kwenye jengo la serikali ya jiji na kuziba daraja la Brooklyn. Safari hii hawakufaulu. Mwaka 1993 bodi ikawa ya raia watupu, yenye wachunguzi wake wenyewe.

Hata hivyo, neno la mwisho kuhusu adhabu lilibaki kwa kamishna wa polisi. Bodi inaweza kuchunguza miezi kadhaa, ikathibitisha kosa na kupendekeza adhabu, kisha kamishna akatoa nyepesi au asitoe kabisa. Hapa ndipo mwananchi anapaswa kutazama kwa makini kuliko pengine pote. Anapoambiwa kuna chombo cha kusimamia polisi, swali la kwanza liwe: kamanda akikataa kufuata pendekezo, kinatokea nini? Kama jibu ni kwamba hakitokei kitu, chombo hicho ni sanduku la maoni.

Vyombo hivi havifanani. Vipo vyenye wachunguzi wake, wanaokwenda eneo la tukio, kuhoji mashahidi na kuita nyaraka. Vipo vinavyosubiri polisi wamalize kujichunguza, ndipo visome jalada na kusema kama vimeridhika. Na vipo vinavyofanya kazi kama mkaguzi wa hesabu: haviangalii kesi moja, vinaangalia mwelekeo. Mkaguzi wa aina hiyo, kama yule ambaye San José, California, imekuwa naye tangu 1993, hujiuliza kwa nini malalamiko ya namna moja yanajirudia, au kwa nini askari walewale wanatajwa mara kwa mara. Aina ya pili ndiyo wakubwa wanaipenda, kwa sababu ni ya gharama nafuu na haimsumbui mtu. Kwa maoni yangu ndiyo dhaifu kuliko zote. Anayesoma jalada lililoandikwa na mtuhumiwa anasoma kile ambacho mtuhumiwa alitaka kisomwe.

Chicago ililipa gharama ya usimamizi dhaifu. Oktoba 2014 kijana wa miaka 17 alipigwa risasi 16 na askari mmoja. Ripoti za askari waliokuwepo zilisema aliwasogelea kwa kisu. Video ya gari la polisi ilibaki kabatini zaidi ya mwaka mmoja, ikatolewa Novemba 2015 kwa amri ya mahakama, ikamwonyesha kijana akiwa anatembea kuelekea upande mwingine. Jiji lilikuwa na ofisi ya kiraia ya kuchunguza polisi wakati wote huo. Ofisi hiyo ilivunjwa, na mpya ikaanza kazi mwaka 2017. Kila ninapoulizwa kama kamera za mwilini zitamaliza tatizo, nakumbuka kabati lile. Utafiti mkubwa uliofanywa Washington kwa zaidi ya askari 2,000, matokeo yake yakatolewa 2017, haukuona tofauti ya maana ya matumizi ya nguvu kati ya askari waliovaa kamera na wasiovaa. Kamera ni shahidi mzuri ikiwa tu kuna mtu nje ya kituo mwenye haki ya kuitazama picha upesi.

Afrika Kusini iliandika jambo hili ndani ya sheria bila kuzungukazunguka. Chini ya sheria ya mwaka 2011, kurugenzi huru ya uchunguzi wa polisi, IPID, inalazimika kuchunguza vifo vyote vya mahabusu, vifo vinavyotokana na matendo ya polisi, mateso, ubakaji unaofanywa na askari, na hata malalamiko ya kufyatua silaha ya kazi. Mkuu wa kituo lazima atoe taarifa mara moja, kisha aandike ndani ya saa 24. Pendekezo la nidhamu likifika kwa kamishna, hatua zinapaswa kuanza ndani ya siku 30. Nazipenda sana tarehe za mwisho kama hizi. Uzembe mwingi katika kazi yetu haufanywi kwa kukataa, unafanywa kwa kuchelewesha, mpaka shahidi ahame na alama za kipigo zifutike. Lakini sheria nzuri pekee haikutosha. Waziri alipomsimamisha kazi mkurugenzi wa IPID, shauri lilifika Mahakama ya Katiba, ambayo mwaka 2016 iliamua kwamba waziri hana uwezo wa kumwondoa mwenyewe tu, kwa kuwa msimamizi anayeweza kufukuzwa na anayemsimamia si huru.

Kenya nayo ilifikia hapo kwa njia ya majonzi. Tume iliyochunguza ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 ilihesabu vifo 1,133, na zaidi ya theluthi moja vilitokana na risasi. Ndipo katika mageuzi yaliyofuata, Sheria ya mwaka 2011 ikaunda mamlaka huru ya kusimamia polisi, IPOA, yenye uwezo wa kuchunguza vifo na majeraha makubwa yanayosababishwa na askari. Tazama mpangilio wa mambo: watu wanakufa kwanza, tume inaundwa, ndipo chombo kinazaliwa. Ni nchi chache mno zilizojenga usimamizi katika siku za amani.

Mfano ninaourudia zaidi ninapofundisha ni wa Ireland ya Kaskazini, kwa sababu pale imani haikuwa imepungua, ilikuwa haipo kabisa upande mmoja wa jamii. Wakatoliki walikuwa karibu nusu ya wakazi lakini wachache sana katika jeshi la polisi. Tume ya mageuzi ya polisi iliyoongozwa na Chris Patten, mwanasiasa wa Uingereza, ilitoa mapendekezo 175 mwaka 1999. Jeshi lilibadilishwa jina na nembo mwaka 2001. Kwa miaka kumi hivi, nafasi mpya ziligawanywa nusu kwa Wakatoliki na nusu kwa wengine. Ikaundwa bodi ya watu 19, wanasiasa 10 na wananchi huru 9, ya kumhoji mkuu wa polisi hadharani. Na kando yake ikawepo ofisi ya Ombudsman, yaani mpokeaji na mchunguzi huru wa malalamiko dhidi ya polisi, iliyofunguliwa Novemba 2000, ambayo malalamiko yote ya raia hufikishwa kwake, si kwa polisi.

Ofisi ile haikuchukua muda kujaribiwa. Desemba 2001 Ombudsman wa kwanza, Nuala O'Loan, alitoa ripoti kali kuhusu jinsi polisi walivyoshughulikia taarifa za kijasusi na upelelezi wa bomu la mwaka 1998 katika mji wa Omagh, lililoua watu 29. Mkuu wa polisi aliipinga kwa hasira. Serikali haikumfukuza O'Loan, na aliendelea na kazi hadi 2007. Naamini imani ilianza kujengeka pale, siku wananchi walipoona mtu anasema jambo zito juu ya polisi na kesho yake bado yuko ofisini.

Sasa nigeukie jambo ambalo magazeti huliruka. Malalamiko mengi hayahusu risasi. Yanahusu ulimi: mzee aliyetukanwa mbele ya wajukuu, dereva aliyesimamishwa bila kuambiwa sababu, msichana aliyekwenda kuripoti kubakwa akaulizwa alivaa nini. Watafiti, akiwemo Tom Tyler wa Marekani, wameonyesha kwa miaka mingi kwamba watu huwapima polisi kwa namna walivyotendewa kuliko hata kwa matokeo. Mtu anaweza kutozwa faini akaondoka bila chuki, ikiwa alisikilizwa, alielezwa sababu na hakudharauliwa. Mwingine anaachiwa huru na anaondoka na kinyongo cha maisha. Kwa hiyo ofisi inayoyatupa malalamiko ya lugha chafu kwa kuyaita madogo inatupa habari zenye thamani kuliko zote ilizonazo. Kwa baadhi yake, usuluhishi wa ana kwa ana, askari na raia wakikaa na msuluhishi, hufaa kuliko mashitaka ya nidhamu. Usitumike kamwe pale palipokuwa na kipigo.

Askari wema nao nawaonea huruma, na wako wengi. Askari asiyechukua rushwa huishi chini ya kivuli cha anayechukua. Uchunguzi wa ndani ukimsafisha, mtaani hakuna anayeamini, kwani kesi ya ngedere aliamua nyani. Uchunguzi wa mtu wa nje ukimsafisha, anasafishika kweli. Ndiyo maana anapaswa naye kuwa na haki ya kusikilizwa, kujua tuhuma na kuwa na mwakilishi. Chombo kinachomhukumu askari kabla ya kumsikiliza kinaua imani upande wa pili.

Hizo kamati za ulinzi na majukwaa ya jamii je? Yana faida pale wajumbe wanapochaguliwa na watu na wanapopewa jambo la kuamua. Chicago tangu 2023 ina mabaraza ya wilaya 22 za polisi, kila moja na wajumbe watatu waliopigiwa kura. Jukwaa ambalo wajumbe wake wameteuliwa na mkuu wa kituo litamwambia mkuu wa kituo anachopenda kusikia, na vijana, ambao ndio hasa wanaosimamishwa barabarani, hawatakuwemo.

Iwapo yamekukuta, fanya haya mapema. Andika siku hiyohiyo: saa, mahali, namba ya askari au ya gari, maneno yaliyosemwa, majina ya waliokuwepo. Kama umeumizwa, nenda hospitali kwanza na uombe maelezo ya daktari yaandikwe, kwa sababu uvimbe hushuka ndani ya siku chache. Nguo zenye damu usizifue. Kama una picha au video, weka nakala kwa mtu unayemwamini. Uliza sheria inakupa muda gani wa kulalamika. Ireland ya Kaskazini, kwa mfano, kwa kawaida ni miezi 12 tangu tukio. Kama unaogopa kwenda peke yako, nenda na ndugu, mwanasheria au kiongozi unayemwamini. Usiondoke popote ulipolalamika bila namba ya kumbukumbu ya lalamiko lako, na jina la aliyelipokea.

Kisha dai majibu. Una haki ya kuambiwa kwa maandishi uamuzi ni upi na sababu zake ni zipi, hata pale uamuzi haukupendelei. Barua ikija na mstari mmoja tu unaosema hakuna ushahidi wa kutosha, rudi uulize ni mashahidi gani walihojiwa na ni nyaraka gani zilitazamwa, na barua ile usiitupe, maana ndiyo utakayoambatisha ukikata rufaa au ukienda mahakamani.