Tulishatoa Taarifa. Kwa Nani, na Ikawaje?

Nimelisikia tena wiki hii, tena kwenye kikao cha watu wazima wenye vyeti vyao: "Sisi upande wetu tulishatoa taarifa." Likishasemwa, msemaji anafunga daftari, anaegemea kiti, na unamwona kabisa kuwa kwake shauri limeisha. Mimi ni ofisa ustawi wa jamii, sehemu kubwa ya kazi yangu ni watoto wa chini ya miaka mitano, na hakuna kauli inayonipandisha presha kama hiyo. Hata ile ya "hayo ni mambo ya ndani ya familia" ina nafuu, maana anayeitoa angalau najua tunabishana nini.

Imani yenyewe ni kwamba kliniki, polisi, kituo cha kulelea watoto na ofisi ya ustawi wakishapelekeana karatasi, basi wanafanya kazi pamoja. Na kwamba mtoto akiumia, kosa ni la yule aliyekalia taarifa. Wapo wanaokalia taarifa, sikatai. Lakini mashauri mengi yaliyoharibika, ukiyafungua, utakuta taarifa zilitumwa, zikafika, zikapigwa muhuri na kuwekwa kwenye jalada. Mtoto akaumia vilevile.

Shauri linalofundishwa kila mahali ni la Victoria Climbié, mtoto wa miaka 8 kutoka Ivory Coast, aliyeuawa London Februari 2000 na mwanamke wa ukoo wake aliyekuwa akimlea, pamoja na mwanamume waliyeishi naye. Ripoti ya uchunguzi ulioongozwa na Lord Laming ilitoka Januari 2003 ikiwa na mapendekezo 108, na ilihesabu nafasi zisizopungua 12 ambazo wahusika wangeweza kuingilia kati. Idara nne za ustawi zilimjua, hospitali mbili, timu mbili za polisi za ulinzi wa watoto, na kituo cha shirika la hisani. Watu wakifika hapo wanatikisa kichwa: unaona, hawakuwasiliana.

Someni tena, taratibu. Julai 1999 mtoto anafikishwa hospitali akiwa na alama mwilini. Daktari wa kwanza anashuku kuwa ameumizwa. Anakuja daktari bingwa, anasema ni upele, mtoto amejikuna. Ustawi wanaambiwa, polisi wanaambiwa, ulinzi wa dharura wa polisi, uliozuia mtoto asirudishwe nyumbani, unaondolewa, mtoto anarudishwa kwa walewale. Hapo kuna mawasiliano ya kutosha! Shida ni kwamba bingwa alitarajia ustawi wangeendelea kuchunguza mengine, na ustawi na polisi wakalichukua neno la bingwa kuwa ndilo la mwisho. Kila mmoja alimwachia mwenzake, kwa nia njema kabisa. Baadaye hata ziara ya kwenda kuona anakoishi ikafutwa, kwa sababu waliotakiwa kwenda waliogopa kuambukizwa upele huohuo.

Na ni nani aliyemfikisha hospitali siku ile? Binti wa mama mmoja aliyekuwa akimlea mchana, mama asiye na usajili wala cheo. Usiku wa kuamkia kifo chake, aliyeshtuka akampeleka moja kwa moja kituo cha magari ya wagonjwa alikuwa dereva wa teksi. Nasimama hapa kwa makusudi, maana vikao vyetu hukaliwa na wenye vyeo. Daktari akisema "upele," meza nzima inaandika upele. Mlezi wa kituo cha watoto, anayekaa na mtoto tangu asubuhi mpaka jioni, anayembadilisha nepi na kujua ni mkono upi haupendi kushikwa, hata barua ya mwaliko hapati. Akipata, anakaa karibu na mlango na anaulizwa swali moja: mtoto anahudhuria? Anajibu anahudhuria. Basi.

Mimi nikiendesha kikao namwanzia yeye, kabla daktari hajafungua mdomo. Baadhi ya madaktari wamekasirika. Watazoea. Ukishamsikia bingwa kwanza, hakuna mlezi wa chekechea atakayejitokeza kusema, "samahani, lakini Jumatatu ile alama hazikuwepo."

Sasa turudi kwenye hizo taarifa mnazosema mmetoa. Barua ninazopokea nyingi zinafanana: "Mtoto tajwa yupo katika hali ya kutiliwa shaka. Tunaomba hatua zaidi." Sahihi, muhuri, nakala kwa mkubwa. Hali gani? Nani aliitilia shaka, alipoona nini? Mwandishi anajua, lakini ameogopa kuandika alichokiona, akaandika hofu yake tu. Mimi nikiipokea kwenye rundo la barua zenye hofu ileile, nitaipanga kwa tarehe.

Linganisha na hii niliyopewa na muuguzi mmoja, nimebadilisha vitu ili asijulikane mtu: "Mtoto wa miezi 4, bado hageuki mwenyewe. Michubuko miwili nyuma ya sikio la kushoto, midogo, ya duara. Mama anasema aliangukia kichezeo. Bibi, nje ya chumba, kasema alivutwa na kaka yake. Sijawaambia kuwa maelezo yamepishana. Uzito umeshuka tangu mara ya mwisho. Nimewaomba wasubiri, wapo hapa." Barua hiyo sikuipanga kwa tarehe. Nilishika funguo.

Tofauti si uzuri wa lugha. Mtoto asiyeweza kujisogeza hapati michubuko hivihivi, na mahali ulipo mchubuko panasema mengi kuliko ukubwa wake. Goti na paji la uso kwa mtoto anayejifunza kutembea ni kawaida. Kiwiliwili, masikio na shingo kwa mtoto wa chini ya miaka 4 ni jambo jingine, na kwa mtoto ambaye hajafikisha hata miezi 4, mchubuko popote pale unataka uchunguzi. Uchunguzi, sijasema hukumu: yapo magonjwa ya damu yanayofanya hivyo, na familia imewahi kuteswa na ofisi kwa ugonjwa usio na mkosaji. Ndiyo maana muuguzi wangu hakuandika "amepigwa." Aliandika alichoona, alichoambiwa, na ambacho bado hajakifanya. Hilo la mwisho ndilo linalosahaulika kila mara, na ndilo linalonifaa kuliko yote, kwa sababu linaniambia nianzie wapi na nisiharibu nini.

Kisha kuna taarifa ambazo peke yake hazina maana kabisa, na hapa ndipo ushirikiano unapostahili jina lake. Chukua mtoto wa mwaka na miezi miwili. Kliniki wana tarehe mbili zilizopita bila kuletwa. Wanao watoto wengi wa namna hiyo. Kituo cha watoto wanaona anakula kwa pupa na kusinzia mapema. Polisi walikwenda nyumba hiyo usiku mmoja kwa ugomvi, wakaandika "wamepatana, hakuna majeruhi." Ofisini kwangu kuna mama aliyeuliza habari za matunzo halafu hakurudi. Kila mtu akitazama cha kwake anaona jambo dogo, na ana haki ya kuliona dogo. Viwekwe mezani kwa pamoja, tena kwa tarehe, unaona mtoto aliyeacha kuletwa kliniki wiki ileile ugomvi ulipoanza.

Ila tazama maandishi ya polisi. Hayasemi kuwa ndani ya nyumba kulikuwa na mtoto. Ofisa alikwenda kwa watu wawili wazima wanaogombana na hao ndio aliowaandika. Hakuna taarifa aliyoificha. Hakumwona mtoto kwa sababu fomu haikumuuliza. Unaweza kumlazimisha kisheria atume taarifa zake zote kila siku; atatuma, na mtoto hatakuwemo.

Kwa hiyo wanaoniambia dawa ni mfumo mmoja wa kompyuta, nawajibu kwa ufupi. England walijenga ContactPoint, orodha ya watoto wote wa chini ya miaka 18, milioni 11 hivi. Ilianza kutumika 2009 na kufungwa Agosti 2010, baada ya gharama ya pauni milioni 224. Nayo ilikuwa inaonyesha nani anamhudumia mtoto, si kilichoandikwa kwenye jalada lake. Mfumo mzuri unakupa namba ya kupiga. Kupiga ni kazi ya mtu.

Na suala la siri ya mteja, ambalo huletwa mezani na watu wasiotaka kupiga hiyo namba: mwongozo wa Uingereza unasema bila kuzunguka kuwa hofu ya kutoa taarifa isiachwe izuie usalama wa mtoto. Mweleze mzazi unachofanya, isipokuwa kumweleza kutamweka mtoto hatarini. Toa kinachohitajika, kwa anayekihitaji. Andika sababu. Tuendelee.

Hapa naingia kwenye nisiyo na hakika nayo, na vitabu vya kozi huyapita mbio.

La kwanza: sina hakika kuwa macho mengi ni ulinzi mkubwa zaidi. Mtoto Peter Connelly alikufa Agosti 2007 akiwa na miezi 17, baada ya kuteswa nyumbani, katika eneo la Haringey, London, mojawapo ya yale yaliyohusika na Victoria. Alikuwa tayari kwenye rejista ya watoto wanaohitaji ulinzi. Katika miezi minane alionwa na wataalamu mara 60 hivi. Siku chache kabla ya kifo chake ofisa aliyetembelea nyumba alimkuta amepakwa chokoleti usoni, na chini yake kulikuwa na michubuko. Haya yalitokea baada ya mapendekezo 108, na baada ya sheria ya watoto ya 2004 iliyozibana taasisi zishirikiane. Nikiwa na watu wanane mezani, kila mmoja ana mashaka kidogo na kila mmoja anaona wenzake saba hawajashtuka. Nimeona hofu ya kweli ikiyeyuka hivyo mbele yangu. Siku hizi naomba kila mtu aandike kwanza, peke yake, jinsi anavyoiona hatari kabla hatujazungumza, na kikao hakifungwi mpaka kila kazi iwe na jina la mtu mmoja. Nikisoma "ustawi na afya watafuatilia," nafuta. Nadhani inasaidia. Ushahidi wa kukuwekea mezani sina.

La pili: nikiwaomba watu wote watoe taarifa ya kila kinachowatia shaka, nitafurika. Tayari nimefurika. Mtoto mwenye maelezo mafupi lakini hatari kubwa atazama chini ya mia wenye maelezo marefu na shida ndogo. Nikisema "leteni yale mazito tu," nitapoteza zile taarifa ndogo nilizotoka kuzisifia. Mstari uko wapi? Kila ofisi ina mstari wake kwenye karatasi, na kila ofisi huusogeza kulingana na watumishi waliopo kazini mwezi huo. Tusidanganyane.

Kuna pia hili la malezi jumuishi. Tangu 2018, WHO, UNICEF na Benki ya Dunia walipotoa ule mfumo wa malezi, kila mradi unaimba nguzo tano: afya bora, lishe, malezi yenye mwitikio, ujifunzaji wa awali, ulinzi na usalama. Nakubaliana nazo zote. Lakini zikishafika chini zinagawanywa, huyu achukue lishe, yule ujifunzaji, na ulinzi unabaki kwa ustawi, wakati mtoto anayepuuzwa nyumbani ndiye huyohuyo mwenye utapiamlo kwenye kadi na ndiye asiyesema maneno anayotarajiwa kusema. Kupuuzwa hakuna siku ya tukio. Hakuna mchubuko wa kupiga picha. Anayegundua kupuuzwa ni mwenye mizani, na mwenye mizani ameambiwa nguzo yake ni nyingine.

La tatu ndilo linaloninyima raha. Ushirikiano wetu, ukiutazama kutoka upande wa mlangoni, una sura mbaya. Mama mmoja aliomba msaada mwenyewe, kwa hiari yake. Akaja muuguzi na fomu, akaja mtu wa lishe na fomu, nikaja mimi, akaja wa shirika. Wote tukauliza mimba ilikuwaje, baba yuko wapi, mnakula mara ngapi. Kwa vigezo vyetu shauri lile lilikuwa la mfano: kila taasisi ilifika. Mama akaacha kufungua mlango, na kwenye jalada tukaandika kuwa hatoi ushirikiano.

Sasa tunajaribu kumtuma mtu mmoja kwa niaba ya wote, yule ambaye familia yenyewe inamwamini, hata kama ndiye mdogo kwa cheo. Muuguzi analalamika kuwa nikienda mimi siwezi kupima uzito wa mtoto nikaujua vizuri, na ana haki. Mimi nalalamika kuwa akienda yeye hatauliza nani analala chumba kipi. Polisi wanataka wawepo wote au asiende mtu. Tumegombana juu ya hilo vikao vitatu mfululizo, na cha nne ni Alhamisi.